Pambizo la Ukurasa wa Tisini na Mbili

Hakuwa na baba. Hakuwa na cheti cha sekondari, ingawa alikwisha kufikisha miaka ishirini na tisa, na wenzake aliokaa nao dawati moja utotoni walikuwa sasa na vitambi na ofisi. Hakuwa na viatu vya pili. Hakuwa na ndugu wa kumtuma kwa watu ila shangazi yake mmoja, mwenye ulimi mkali na goti bovu. Kitanda chake kilimpungukia shubiri nzima, akawa analala miguu ikiwa juu ya kigoda. Zaidi ya yote, hakuwa na maneno. Hilo ndilo lililomuuma, kwa maana alishinda kutwa katikati ya maneno ya watu, akiyashona kwa uzi wa nta na kuyapaka gundi, na yeye mwenyewe akiulizwa hali hujibu "nzuri" hata akiwa na homa.

Alichokuwa nacho ni mkono usiotetemeka. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na wanafunzi wenzake wa sekondari ya jioni walimwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havikukosa utando mkavu wa gundi hata siku ya mtihani. Aliyembandika jina hilo ni binti wa dawati la mbele, ambaye naye walimwita Penseli, maana hukumkuta bila penseli iliyochomekwa kwenye nywele.

Mchana Penseli aliuza dawa katika duka la dawa. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado binti hakuwa na cheti. Aliacha shule akamuuguza mama yake miaka minne, na mama alipokwisha kuzikwa, baba alimwambia tu, "Sasa umepitwa na wakati." Akajiandikisha shule ya jioni bila kumwomba ruhusa. Ndiyo maana Gundi alimpenda kabla hata ya kuutazama vizuri uso wake. Alijua maana ya kuanza upya mbele ya watu.

Ilipokaribia likizo ndefu, Mwalimu wa fasihi aliwapa riwaya moja, kurasa mia mbili, isomwe yote kabla ya shule kufunguliwa.

"Msisome kama watu wanaotazama mvua dirishani," Mwalimu alisema. "Kila mtu na penseli mkononi. Neno usilolijua, lipigie mstari. Ukitilia shaka, weka alama ya kuuliza. Pale moyo wako uliposhtuka, andika pambizoni kwa nini ulishtuka. Mkinirudishia kitabu kisafi nitajua mlikifanya mto."

Nakala zilikuwa kumi na moja, wanafunzi ishirini na wawili. Gundi na Penseli wakaangukia kitabu kimoja.

Siku ya kwanza ya likizo binti alikuja karakanani, na Gundi, bila kusema neno, akakiweka kitabu juu ya meza, akachukua kisu chembamba, akakipasua mgongo katikati.

"We!" Penseli akashika mdomo. "Umekichinja!"

"Nusu yako, nusu yangu. Halafu tutabadilishana. Likizo ikiisha nitakishona. Hawatajua."

"Na nani atapewa nusu ya mwisho? Utaanzaje hadithi kwa mwisho?"

"Mimi nitaichukua."

"Hapana, nipe mimi." Akaikumbatia ile nusu kifuani. "Mimi nimezoea kuyajua mabaya mapema."

Basi likizo ile ikawa ya Jumamosi. Kila Jumamosi mchana binti alifika, akaketi upande wa pili wa meza ya kazi, wakagombana juu ya watu wasiokuwepo. Riwaya yenyewe ilihusu mwanamke aliyemngoja mumewe miaka saba, mume asirudi wala asiandike. Penseli aliandika pambizoni, "Huyu si mvumilivu, huyu ameogopa kuuliza." Gundi, nusu ile ilipomfikia, akaandika chini yake, "Labda anayengojwa naye anaogopa kuulizwa." Binti alipoyasoma akamtazama kwa muda mrefu, macho yakamtembea Gundi usoni kama mkono, na fundi yule ambaye hakutetemeka hata akikata ngozi ya bei kali akajidunga sindano.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia jioni ile, "wewe na yule mtoto wa watu mnasoma kitabu gani kisichoisha?"

"Cha shule, Shangazi."

"Mh. Na mimi nilisoma shule. Sikurudi nyumbani nikijichekea."

Gundi alikuwa ameamua. Atamaliza mtihani, atapata cheti, ndipo amwendee yule mzee akiwa na karatasi mkononi. Hakumwambia binti. Alidhani jambo linaloonekana wazi kiasi kile halihitaji kusemwa.

Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku kumi na moja shule ifunguliwe, binti alikuja kurudisha nusu ya kwanza, na safari hii hakuja peke yake. Nyuma yake aliingia mzee mrefu mwenye miwani, akasimama katikati ya karakana asiguse kitu.

"Shikamoo, mzee," Gundi akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayesoma na binti yangu." Halikuwa swali. Akaiona nusu moja mezani na nyingine mikononi mwa binti yake. "Na hiki ni nini?"

"Kitabu chetu, mzee. Nilikitenganisha ili..."

"Nimefundisha miaka thelathini na minne. Sijapata kumwona mtu anayejifunza kwa kupasua kitabu." Akageuza kurasa kwa ncha ya kidole. Kingo zilikuwa zimechakaa, zimeingia alama za vidole na doa la chai. "Shule ya jioni. Mnaanza kusoma jua likizama, halafu mnashangaa hamwoni kitu."

Penseli alikuwa amekunja midomo. "Baba, tulikubaliana."

"Nimekuja, nimemwona. Ndilo tulilokubaliana."

"Nitakishona, mzee," Gundi akasema. "Kitakuwa kizuri kuliko kilivyotoka kiwandani. Utakiona mwenyewe."

"Tutaona."

Binti akasogea mezani, akaiweka nusu ya kwanza mbele ya Gundi, akaikandamiza kwa kiganja kama anayeogopa itapeperuka. "Nimeandika yote pambizoni," akasema polepole. "Soma kabla hujashona. Umesikia? Kabla."

"Nitasoma," akajibu. Lakini macho yake yalikuwa kwa mzee, aliyekuwa anatoka bila kuaga.

Hakusoma. Usimwone mpumbavu, msomaji wangu, maana hata wewe una siku moja kama hiyo. Alitaka kusoma kwa raha. Alitaka kwanza kitabu kiwe kizima, kinyooke, kisimame wima chenyewe, ndipo aketi na maandishi yake kama mtu anayekibakiza kipande kitamu hadi mwisho wa sahani. Ijumaa yote alishona. Akapaka gundi, akavika jalada la kitambaa cha kijani alichokuwa amekihifadhi miaka miwili kwa kazi isiyojulikana. Lakini kabla ya jalada, zile kingo zilizochakaa zikamwudhi, akasikia tena sauti ya mzee. Akakiweka kitabu chini ya mashine ya kukatia, akavuta mkono wa mashine mara tatu, pande tatu. Vipande vyembamba, upana wa nusu kidole, vikaanguka miguuni pake kama nywele zilizonyolewa. Kingo zikabaki nyeupe, laini kama sabuni mpya.

Akakitia kitabu kwenye kibanio, akakaza skrubu. Gundi ile ilitaka siku nane. Fundi mbaya hufungua siku ya tatu, mgongo ukapinda. Yeye hakufungua.

Jumamosi iliyofuata Penseli hakuja. Gundi alijiambia kwamba anajiandaa na shule.

Alikuja Jumamosi ya pili, mchana. Shangazi ndiye aliyemwona kwanza, akiwa ameketi mlangoni na kitambaa kichwani, goti lake kalinyoosha juani.

"Karibu, mkwe!" akapaza sauti. "Mtu wako huko ndani amekonda kwa kusubiri kitabu kikauke."

Binti hakucheka. "Shikamoo, Shangazi." Akapita.

Gundi alimwona akiwa ameshafika mezani. Kitu kilikuwa kimepungua, akachukua muda kujua ni nini. Hakukuwa na penseli kwenye nywele. Zilikuwa zimesukwa vizuri, kwa mkono wa mtu mwingine.

"Nimekuja kuchukua kitabu. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nitampelekea Mwalimu."

"Subiri kwanza ukione." Hakuweza kuficha furaha. Akalegeza skrubu, akakitoa, akakifuta kwa kiwiko, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. "Mwambie baba yako akishike. Mwambie atafute pale kilipopasuliwa. Hatapaona."

Binti hakukigusa. "Ulisoma?"

"Bado. Nilitaka tusome pamoja. Leo."

"Bado," akarudia. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma maandishi ya daktari. "Gundi, usinitanie. Mimi nimekaa wiki nzima nikikuchukia vizuri, usinivuruge."

"Kunichukia? Nimefanya nini?"

Penseli akaweka mkono wa kushoto juu ya jalada la kijani. Kulikuwa na pete, mpya, imemkaza kidogo.

Shangazi mlangoni akageuza shingo.

"Watu wa Mpima walikuja Jumapili," binti akasema. Mpima alikuwa kijana mpima ardhi, mwana wa rafiki wa baba yake. Gundi alimjua kwa jina na kwa pikipiki yake. "Harusi ni wiki tatu zijazo. Amehamishiwa mbali, anataka aende na mke."

"Na ukakubali?"

"Nilikubali Jumapili. Siku ile ningemkubali hata mzee wa kupima mizigo sokoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia!" Sauti ikampasuka. Akakifungua kitabu, akageuza kurasa haraka, kitabu kizuri kile kikatoa mlio wa ushonaji mpya. "Nilikuambia hapa. Ukurasa wa tisini na mbili. Nilikuambia..."

Mkono ukasimama juu ya ukurasa.

Katikati ya pambizo kulikuwa na maandishi ya Gundi mwenyewe, ya wiki za nyuma, yamejaa kila mahali kwa sababu siku ile alikuwa na mengi ya kusema juu ya mwanamke wa hadithi. Pembeni kabisa, pale kisu kilipopita, kulibaki mikia ya herufi tu. Mkia wa y. Nusu ya j. Vitone vilivyobaki bila mtu wa kuvimiliki.

Binti alipitisha kidole kwenye ukingo ule mweupe, juu hadi chini.

"Ulikata," akasema.

"Kingo zilikuwa zimechafuka. Baba yako alisema..."

"Hukuacha nafasi. Ukurasa wote uliujaza wewe. Nikaandika ukingoni, kwa wima, nikazungusha hadi juu na chini, herufi ndogo kama chawa, nikasema ataona, yeye ni fundi, anaona kila kitu." Alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kukisikia. "Nikakuambia usome kabla hujashona. Nilikuambia mbele ya baba yangu, moyo unanienda mbio, ninaogopa atajua."

"Uliandika nini? Niambie sasa."

"Hapana."

"Penseli, tafadhali."

"Niliandika kwa sababu siwezi kuyasema. Sasa niyaseme nikiwa na hii?" Akainua kidole chenye pete.

"Sikujua. Naapa sikujua. Ningejua ningekuja usiku ule ule, bila viatu."

"Najua hukujua. Ndilo linaloniuma." Akakifunga kitabu taratibu. Macho yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika. "Kama ungesoma ukaogopa, ningekusamehe. Mimi pia naogopa. Kama ungesoma ukasema hapana, ningelia, nikanyamaza. Lakini wewe siku ile ulikuwa unamjibu baba yangu. Kila mshono ni kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa, na hukuniona."

Gundi alifungua mdomo.

"Sema basi," binti akasema, karibu kwa upole. "Sema chochote."

Akasema jambo baya kuliko kunyamaza. Akasema, "Naweza kukifungua tena. Nikakishona upya."

Penseli alimtazama. Kisha akakitia kitabu kwenye mkoba. "Ni kizuri sana," akasema. "Nitamwambia baba. Umeshinda."

Akatoka. Shangazi mlangoni alijaribu kumshika mkono, binti akambusu kiganja, akaenda zake bila kugeuka.

Gundi akalichomoa gunia la mabaki chini ya mashine, akalimwaga sakafuni lote.

"Umepatwa na nini?" Shangazi akauliza.

"Vipande vya Ijumaa ile. Vyembamba, vyenye maandishi ya penseli."

Alipiga magoti akachambua, uzi mmoja mmoja wa karatasi, vya kazi za wiki nzima, vya daftari za risiti na vitabu vya dua na kamusi ya mwanasheria. Saa nzima ikapita. Alipata kimoja, kisha kingine, herufi ndogo za wima alizozijua kama sauti ya Penseli. Cha tatu hakikuwepo. Alijua kilikuwepo, kwa sababu sentensi ya pili ilikatikia njiani.

"Shangazi, ulichota vipande humu?"

Mama yule alijigusa kitambaa kichwani, akaona aibu kama msichana. "Nilichota kidogo. Nilivisokotea nywele. Ni laini, haviumizi."

"Vua kitambaa."

"Nimevisokota jana kwa shida, mtoto wewe..."

"Shangazi, nakuomba."

Akavua. Gundi alisimama nyuma yake akafungua msokoto mmoja baada ya mwingine. Msokoto wa saba, nyuma ya sikio la kushoto, ulikuwa na mwandiko wa Penseli. Akavipanga vipande vitatu mezani, akavikandamiza kwa rula.

"Soma kwa sauti," Shangazi akasema, nywele zikiwa zimemsimama nusu. "Zimetoka kichwani kwangu, nina haki."

Akasoma.

"Baba amesema kama mtu wa kitabu ana neno, aje aliseme mwenyewe, Jumamosi saa nne asubuhi, na mtu mzima wa kwao. Jumapili wanakuja wengine. Njoo na Shangazi. Nitakaa dirishani. Usipoweza, nijibu, hata kama jibu ni hapana. Nisiwe kama huyu wa kwenye hadithi."

Shangazi alichukua kitambaa chake, akajifutia uso, na kwa mara ya kwanza tangu amlee hakumtania.

"Goti langu lingefika," akasema mwishowe. "Ningeenda hata kwa kutambaa."

"Najua, Shangazi."

"Sasa nenda. Kimbia. Mkute njiani."

"Nikamwambie nini? Ana pete. Nikamfanyie fujo barabarani, ndipo baba yake apate la kusema?" Akatikisa kichwa. "Hakuniomba nimkimbilie. Aliomba jibu. Hilo tu ndilo nililobaki nalo la kumpa."

Akaketi mezani, mahali pa binti, siyo mahali pake. Akachukua karatasi nzuri, ile nzito ya krimu aliyoiweka kwa majalada ya harusi za watu. Akapiga mistari ya penseli kuzunguka, akaacha pambizo pana pande zote nne, pana mno, hata katikati pakabaki nafasi ya kiganja tu. Humo ndani akaandika:

"Nimesoma. Nimechelewa, lakini nimesoma, mara nyingi kuliko kitabu chenyewe. Jibu lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu siku uliyochukua nusu ya mwisho. Uliyosema leo ni kweli, nilikuwa namjibu baba yako. Sikuombi uvue chochote wala urudi popote. Safari hii sikuujaza ukurasa. Ukitaka kuandika, nafasi ipo. Usipotaka, iache nyeupe, nami nitaelewa."

Akaisoma mara moja tu. Hakuona neno la kufuta. Ajabu ya mambo, yule asiyekuwa na maneno alikuwa nayo siku hiyo, tena yakatosha.

Vile vipande vitatu hakuvitia ndani. Alivibakiza, akavilaza katikati ya kamusi yake.

"Utampitishia Mwalimu?" Shangazi akauliza. "Baba yake asiione?"

"Hapana. Itaenda nyumbani kwao, mlango wa mbele."

Juu ya bahasha akaandika jina kamili la binti na nyumba ya baba yake. Nyuma yake akaandika jina lake mwenyewe, kwa wino, na chini ya jina kazi yake: fundi wa kujalidi vitabu, mwanafunzi wa shule ya jioni. Kama mzee angeipokea yeye, basi aipokee akijua imetoka kwa nani.

Akachovya brashi ndogo kwenye kopo, akapaka gundi ukingoni mwa bahasha, kwa uangalifu uleule wa kazi zote, akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akavaa viatu vyake, vile vya pekee, akatembea hadi kona ya barabara kwenye sanduku la posta, akaisukuma barua ndani. Akaisikia ikigonga chini kabisa, kwa kuwa sanduku lilikuwa tupu.